Beseni la Maji Meupe

Mimi hulipwa kwa kunusa. Wenzangu tuliosoma nao wako kwenye mabenki na ofisi za kaunti, wamekaa kwa viti vya kuzunguka. Mimi kila asubuhi nafungua kifuniko cha mkebe wa alumini, nainama, navuta pumzi moja, na kwa hiyo pumzi moja mkulima anajua kama maziwa yake nayapokea au nayarudisha. Kituo chetu cha kukusanya maziwa kiko karibu na soko la Merigi. Pale wananiita Madam nikiwa nawatazama, na Mama wa Kunusa nikigeuka. Sijawahi kulalamika. Pua hii imepeleka watoto wawili shule ya bweni.

Vifaa vingine ninavyo, msidhani. Nina kipimo cha kuelea kinachowakamata waliotia maji, nina spiriti inayokamata maziwa yaliyoanza kuharibika, na nina vijikaratasi vya kukamata dawa ya ng'ombe. Lakini kifaa cha kwanza ni pua, na pua iliyozoea kuheshimiwa hufika mahali ikaanza kujiona. Yangu ilijiona sana. Ndiyo maana naeleza hii habari mwenyewe, kabla mtu mwingine hajaieleza vibaya.

Ilianza kwa mkutano wa kina mama wa kanisa letu, Jumapili moja baada ya ibada. Tulikuwa tumealika mgeni wa kutufundisha usafi wa mwanamke. Akaja mama mmoja kutoka mjini, amependeza, anavuta sanduku la magurudumu juu ya matope kama mtu anayeshuka uwanja wa ndege. Akalifungua mbele ya madhabahu. Mlikuwa na vitambaa laini vyenye manukato, jeli ya rangi ya waridi, na sabuni ya povu iliyoandikwa kwamba inaua vijidudu vyote. Vyote, bila kubakisha hata kimoja. Tukapiga makofi.

"Kina mama," akatuuliza, "mwanamke msafi ananuka nini?"

Tukatazamana. Mmoja wetu akajaribu kusema sabuni. Mgeni akatikisa kichwa kwa huruma.

"Hanuki kitu. Hanuki hata kidogo. Na ukinuka, mzee anajua. Ni vile tu ana adabu, hawezi kukuambia."

Kanisa zima likabana magoti. Hawa ni wanawake ambao ukiwauzia kuku wanampulizia manyoya waone kama ana chawa. Ukiwauzia ndama wanataka kujua mama yake alikamuliwa lita ngapi. Siku hiyo hakuna aliyemwuliza mgeni alisomea wapi. Sanduku lilirudi mjini jepesi. Jeli ya mwisho niliinunua mimi.

Nilifika nyumbani nikajinusa kitaalamu, na nikapata harufu. Bila shaka nilipata harufu. Mimi ni mtu, si sahani. Ilikuwa harufu ya uchachu kidogo tu, inayofanana kwa mbali na mursik ya siku za kwanza, yale maziwa yetu tunayolaza ndani ya kibuyu mpaka yagande. Ingekuwa imetoka kwenye mkebe wa mkulima ningeipokea bila kufikiri. Lakini mgeni alikuwa amesema harufu yoyote ni aibu, na mimi ni mtaalamu. Ningewezaje kurudisha mikebe ya watu asubuhi, halafu nyumbani nijipokee mwenyewe kwa upendeleo?

Nikaanza kujiosha. Jeli ikaisha, sabuni ya povu ikaisha, na mama wa sanduku hakurudi. Ndipo macho yangu yalipoenda kwenye rafu ya boma la ng'ombe. Kila nyumba yenye ng'ombe huku kwetu ina ile chupa ya dawa ya kahawia. Daktari wa mifugo akija kuzalisha, anaosha nayo mikono. Mtu akijikata na panga, kidonda kinaoshwa nayo. Na ng'ombe akiugua kiwele, unatia vifuniko viwili kwenye maji, unamwosha. Nikaichukua, nikaipeleka bafuni. Nilijiambia kama inafaa kiwele cha ng'ombe anayelisha familia, mimi ni nani isinifae.

Ukiitia kwenye maji, yanageuka meupe pe. Mimi, mtu ninayewaaibisha wakulima kwa kutia maji kwenye maziwa, nilikuwa nachuchumaa juu ya maji yaliyojifanya maziwa. Na sikuosha nje peke yake. Niliosha mpaka ndani, kama mtu anayesugua chupa ya soda ya kuwekea mafuta taa.

Wiki ya kwanza nilikuwa malkia. Sikunuka kitu. Labda hospitali kidogo, lakini hospitali si uchafu. Wiki ya tatu nikaanza kukauka na kuwashwa. Nikasema huo ni uchafu unatoka. Halafu siku moja nikiwa kazini, nimeinama juu ya mkebe wa watu, pua ikanipa ripoti nyingine. Nikarudisha mkebe wa kwanza, nikarudisha wa pili. Wa tatu ulikuwa wa jirani yangu ambaye maziwa yake hayajawahi kukosea tangu nianze kazi. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba harufu haitoki kwenye mikebe. Ilikuwa kama omena, dagaa wa ziwani, uliyoiloweka ukaisahau, na ilikuwa yangu. Na kulikuwa na majimaji mepesi ya kijivu ambayo sikuwa nimewahi kuyaona.

Mtu mwenye akili angesimama hapo. Mimi niliongeza dawa. Nikawa najiosha asubuhi kabla ya kazi, saa ya chakula cha mchana nikipata nafasi, na jioni. Na zaidi ya yote, nilijiosha mara tu mimi na mume wangu tukishamaliza mambo ya mume na mke. Hapo ndipo harufu ilikuwa inapanda, kwa hiyo hapo ndipo nilikimbia kuliko mwanariadha. Sikungoja hata apumue. Kanga, mlango, beseni, vifuniko viwili, halafu vitatu.

Mume wangu ni mkulima. Ana majani chai nyuma ya nyumba na ng'ombe wanne, na maneno yake ni machache kuliko ng'ombe wake. Anachuma mwenyewe, anabeba gunia mwenyewe mpaka kituo cha kununulia majani, anarudi, anakamua. Katika miaka yote ya ndoa yetu sijamsikia akiniambia kitu kibaya kuhusu mwili wangu. Na sasa, kwa sababu ya mama wa sanduku, hata huo ukimya nikausoma vibaya. Nikasema, huyu ni yule mzee mwenye adabu.

Kisha akahama. Ng'ombe wetu mmoja alikuwa karibu kuzaa, naye akaniambia ni afadhali alale kwenye stoo ya boma ili amsikie. Nikasema sawa, mwanaume mwenye bidii. Ng'ombe akazaa. Ndama akasimama, akajifunza kukimbia, akaanza kuonja majani. Mume wangu bado alikuwa stoo, anangoja azae.

Sitajifanya jasiri. Niliogopa. Nilimwona akikunja blanketi yake ya kijivu kila asubuhi juu ya magunia ya chakula cha ng'ombe, nikajua nampoteza, na nampoteza kwa jambo ambalo siwezi kulitaja mbele ya mtu. Wanawake wengine wameachwa kwa sababu ya mwanamke mwingine, au kwa sababu ya shamba. Mimi nilikuwa naelekea kuachwa kwa sababu ya harufu, mimi Mama wa Kunusa. Ningesema nini kwa dada zake wakija kuuliza? Nililia bafuni mara kadhaa, halafu, kwa kuwa tayari nilikuwa bafuni, nikajiosha.

Ukiwa na uchungu kama huo, unatafuta mtu wa kummwagia. Mungu akaniletea mmoja Jumamosi.

Kulikuwa na boma moja ambalo maziwa yake yalikuwa yanaletwa na kijana wao wa kazi. Ijumaa nilikuwa nimepima, kijikaratasi kikasema kuna dawa, nikayarudisha. Jumamosi akaja mwenye ng'ombe mwenyewe, mama mnene mpole aliyevaa gambuti na sweta ya kanisa. Sikuwa nimewahi kumwona. Alisema huwa anafanya kazi mbali, anakuja nyumbani mwisho wa wiki tu.

"Madam, maziwa yangu ya jana ilikuwa na shida gani?" akauliza polepole.

Mtu mwingine angemvuta kando. Mimi nilipanda juu ya ngazi ya tangi, foleni nzima ikinitazama, nikafungua darasa.

"Mama, ng'ombe yako imetibiwa kiwele, na hukungoja siku ziishe. Unajua hii maziwa inaenda wapi? Inaenda kutengenezwa maziwa lala. Tunaiwekea mbegu yake, vijidudu vizuri vya kuichachusha. Sasa dawa yako ikiingia kwa tangi, hiyo mbegu inakufa yote, na maziwa hailali. Inaoza. Dawa haina macho, mama. Haichagui. Inaua wazuri pamoja na wabaya, na wazuri wakishaisha, wa kwanza kurudi ni wabaya. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Madam," akasema.

"Basi waeleze na wa nyumbani."

Foleni ikacheka. Yule mama akachukua mkebe wake, akaenda kumwagia ndama. Nami nikashuka ngazi nikiwa nimepona kidogo, kwa muda wa kama nusu saa. Siku hiyo hiyo jioni niliongeza kifuniko cha nne kwenye beseni. Kumbukeni hotuba niliyokuwa nimetoka kuitoa. Sikuunganisha kitu. Kichwa changu kilikuwa na vyumba viwili, kimoja cha maziwa na kimoja cha mimi, na mlango wa katikati ulikuwa umefungwa kwa msumari.

Kilichonipeleka hospitali ni damu kidogo na maumivu wakati wa kukojoa. Zahanati ya karibu sikuitaka hata kuiona. Karani wake naimba naye kwaya, na mfagiaji ni shemeji. Nikaomba ruhusa kazini, nikasema naenda kumwona mgonjwa, jambo ambalo halikuwa uongo. Nikapanda magari matatu, nikavuka Bomet, nikavuka mji wa Kericho, mpaka Kapsoit, mahali ambapo hakuna mtu anayejua kama nanusa au napiga chafya. Nilijifunga kitambaa mpaka kwenye nyusi. Nikakaa kwenye benchi, nikangoja, nikaitwa, nikaingia.

Nyuma ya meza, ndani ya koti jeupe la muuguzi lililopigwa pasi vizuri, alikuwa amekaa yule mama wa gambuti.

Kuna wakati mtu hutamani ardhi impasukie, na ardhi ya Kapsoit ni ngumu. Nikafikiria kurudi nyuma niseme nimekosea chumba. Yeye akanitazama, akatazama kadi yangu, akatazama kitambaa changu cha kujificha. Hakutabasamu.

"Kaa, Madam," akasema. Kisha akainuka, akafunga mlango, akavuta na pazia. "Tofauti yangu na wewe ni hiyo. Mimi hufunga mlango kwanza."

Nilikaa.

Akaniuliza maswali. Nikajibu nusu nusu, nikijaribu kuipaka harufu majina ya heshima. Akaniuliza najiosha na nini. Nikasema maji. Akaweka kalamu chini, akangoja. Huyu mama anajua kungoja. Nikasema, maji na sabuni. Akangoja. Nikaitoa yote: vitambaa vya manukato, jeli, povu, na chupa ya kahawia, vifuniko vinne.

"Ile ya ng'ombe?"

"Ile ya ng'ombe, sista."

Akaandika. Ningelipa nijue aliandika maneno gani. Akanipima kitandani, kwa upole, akichukua majimaji kidogo na kuyagusisha kijikaratasi cha manjano. Kijikaratasi kikabadilika rangi mbele ya macho yangu. Mimi na vijikaratasi tunajuana. Niliona mara moja kwamba mahali palipotakiwa kuwa pachachu hapakuwa na uchachu tena. Nilijua na maana yake. Mkebe kama huo ningeurudisha.

"Mama yako," akaniuliza akiosha mikono, "alikuwa anaosha sotet na nini?"

Sotet ni kile kibuyu chetu cha mursik. Swali lilinigonga mahali ambapo sikulitarajia, kwa maana jibu lake nalijua tangu nikiwa na miaka kama tisa. Siku hiyo mama yangu alikuwa ameenda sokoni Ndanai, nami nikataka kumfurahisha. Nikachukua sotet yake ya kila siku, ile nyeusi ndani kwa mkaa wa mti wa senetwet, nikaisugua kwa sabuni ya mche na maji moto mpaka maji yakatoka masafi. Niliona fahari sana. Mama akarudi, akatia maziwa, akangoja siku zake. Alipofungua, maziwa hayakuwa yamelala. Yalikuwa yameoza, yamejitenga, na yananuka. Hakunipiga. Alininusisha tu, akasema, "Umefukuza wenye nyumba." Kisha akaikata ile sotet shingo, ikawa kata ya kuchotea maji. Tangu hapo sijawahi kuruhusu sabuni ikaribie kibuyu. Wasichana wa kaka zangu wananiogopa kwa hilo. Kibuyu kinasuguliwa kwa ufito, kinapakwa mkaa, kinaachiwa wenyewe.

Nikamweleza sista hayo yote, na nikiwa katikati nikajisikia nikinyamaza.

"Endelea," akasema.

"Sista, na huku pia kuna wenyewe?"

"Kuna wenyewe. Ni ndugu kabisa ya wale wa maziwa lala. Wanatengeneza uchachu wao, na huo uchachu ndio unawazuia wale wengine kuingia. Ile harufu kidogo ya kwanza, ile ulikuwa unakimbiza, ilikuwa ni wao wako kazini. Hapo ndani panajiosha penyewe. Sasa wewe umepeleka dawa." Akanitazama usoni. "Na dawa haina macho, Madam. Haichagui. Inaua wazuri pamoja na wabaya, na wazuri wakishaisha, wa kwanza kurudi ni wabaya. Umenielewa?"

Neno kwa neno. Alikuwa ameliweka wiki nzima kama mtu anayeweka akiba.

"Nimekuelewa," nikasema.

Nilidhani tumemaliza hapo, lakini akaniandikia vidonge. Nikamwambia, kwa sauti ndogo, kwamba baada ya kunikanya dawa sasa ananipa dawa. Akasema hivi vinawalenga zaidi wale waliovamia, na wenye nyumba vinawaacha kwa sehemu kubwa. Nivimeze mpaka viishe hata nikijisikia vizuri siku ya tatu, nisiguse pombe, na nirudi, kwa sababu mambo haya hupenda kurudia. Kule nje ni maji safi tu, ndani hakuna kitu, na jeli na povu na vitambaa vya manukato nivisahau. Na nikiona tena damu au homa, nisijitibu kwa rafu ya ng'ombe.

Mimi mtu wa suluhisho, nikaona nafasi. "Sista, na nikiwarudishia mbegu mwenyewe? Nyumbani iko mursik nzuri."

Kwa mara ya kwanza nilimwona akijizuia kucheka.

"Kunywa," akasema. "Usipake."

Nikiwa mlangoni nikamwomba msamaha kwa ile siku ya foleni. Nilisema ilikuwa kweli lakini haikuwa na adabu. Akasema ukweli alishaukubali, ng'ombe alikuwa na siku mbili bado, na kijana wake hakuhesabu. Hiyo ya adabu akasema atafikiria. Na siri yangu je? Akaniambia yeye hajui mtu yeyote Merigi anayenusa. Nikatoka nje nikiwa mwepesi kwa njia ambayo jeli ya waridi haikuwahi kunipa.

Vidonge vilikuwa na ladha ya senti ya zamani. Nilivimaliza. Kuwashwa kukapungua, omena ikaondoka. Baada ya wiki kadhaa ikajaribu kurudi, nikapanda tena yale magari matatu, nikatibiwa tena. Sista alikuwa amenionya, na mwili haukimbizwi kama foleni. Kidogo kidogo uchachu ule wa zamani ukarudi. Asubuhi nilipousikia nilisimama bafuni na kitambaa mkononi, nikafurahi kama mtu aliyemwona jirani aliyekuwa amehama akifungua dirisha.

Kazini nilibadilisha kitu kimoja. Mkulima nikimkuta na makosa, namwita nyuma ya tangi, namweleza huko. Foleni imepoteza burudani yake na baadhi yao wamelalamika.

Lakini haya yote yalikuwa nusu ya shida. Harufu ilikuwa imeondoka, na mume wangu hakuwa amerudi. Niliendelea kumpikia, tukaendelea kula tukisikiliza redio, akaendelea kuamka na kwenda stoo kama mlinzi aliyeajiriwa. Nilikuwa nimejiambia kwamba ikiisha harufu atarudi mwenyewe. Ikaisha. Basi nikaona kwamba huenda nimechelewa, kwamba mtu akishazoea kutokuwa na wewe, hata ukinukia maua hakuoni. Sikuwa na dawa ya hilo kwenye rafu.

Alasiri moja nilirudisha ile chupa ya kahawia kwenye boma. Ilikuwa karibu tupu. Yeye alikuwa amechuchumaa anakamua, paji la uso limeegemea ubavu wa ng'ombe. Akanisikia nikiiweka, akatazama kwa jicho moja.

"Umeirudisha?"

"Nimeirudisha."

"Na huitaki tena?"

"Siitaki tena."

Akaendelea kukamua. Nilisikia maziwa yakipiga ndoo, kushoto, kulia, kushoto, kulia, halafu yakasimama. Akaongea bila kuinua kichwa, kana kwamba anamwambia ng'ombe.

"Hiyo dawa mimi naoshea nayo ng'ombe mgonjwa. Ili isiambukize zingine." Akakamua kidogo, akaacha tena. "Kila tukimaliza ulikuwa unaruka unaenda kwa beseni. Hata hungoji. Mimi nimelala pale, nasikia maji, nasikia hiyo harufu ya dawa. Nikasema sawa. Huyu mama anashinda na vitu safi. Mimi natoka kwa majani chai, natoka kwa mavi ya ng'ombe, hata nikioga harufu hainitoki. Nikaona afadhali nikae huku, nisikupee kazi ya kuniosha kila saa."

Niliketi juu ya gunia, lile lile analolazia kichwa. Miezi yote hiyo nilikuwa nimelala peke yangu nikidhani ananikimbia mimi, naye amelala na ng'ombe akidhani namsafisha yeye. Iliniuma kuliko kitu chochote nilichowahi kujitilia kwenye beseni. Mtu ambaye hajawahi kunidharau hata siku moja, nilikuwa nimemfanya ajione kijidudu.

Nikamwambia yote, hapo hapo, ng'ombe akitusikiliza. Nikamwambia juu ya mama wa sanduku, na omena, na Kapsoit, na sista na kijikaratasi chake. Nikamwambia kwamba niliyekuwa namkimbiza kwa dawa ni mimi, na hata mimi sikustahili. Alinisikiliza mpaka mwisho, akafikiri, halafu akauliza kitu kimoja.

"Kwani ulikuwa unanuka?"

"Hukusikia?"

"Mimi nitasikia nini," akasema. "Nalala na ng'ombe. Pua ni yako."

Nilicheka mpaka ng'ombe akapiga teke ndoo, na maziwa ya alasiri yote yakaenda kwenye sakafu. Hakukasirika. Alisema yasingepita kwangu hata hivyo, yana jasho lake.

Kabla giza halijaingia, nilimwona akivuka uwanja na blanketi yake ya kijivu imekunjwa kwapani. Alifika mlangoni, akasimama pale kama wakulima wanaposimama mbele yangu asubuhi, macho chini, hajui kama atarudishwa. Nikaichukua ile blanketi mikononi mwake. Ilinuka majani ya sileji, moshi, ng'ombe watatu wazima na mmoja mwenye ndama, na chini ya hayo yote ilimnuka yeye. Nikainama, nikavuta pumzi moja, kama kazini. Nikaipokea.